Kiti cha Kuelewa

Mratibu alisema gari la taka litafanyiwa uhuishaji wa ratiba kwa kuzingatia viashiria vya msongamano katika eneo la mnada. Nikasema sijaelewa.

Akarudia kwa sauti ileile ya taratibu, ambayo waliomuunda waliichukua kwa mwalimu mmoja mstaafu ili watu wa Lugunja wasimwogope. "Jumatano gari la taka halitapita sokoni. Litapita Alhamisi, mnada ukishaisha."

"Nimeelewa."

Chini ya viganja vyangu kiti kikapata joto. Ndivyo kinavyofanya kikiridhika. Ukisema umeelewa, na mwili wako nao umeelewa, pale pa kuwekea mikono panapata joto kama kikombe cha chai. Ukisema umeelewa ili tu uwahi kula, panabaki baridi, na Mratibu anaanza upya. Kwa hiyo nilishazoea kusikiliza kweli. Kuna siku natoka pale kichwa kinauma utadhani nimebebeshwa mawe.

Baada ya taka wakaja mbuzi wanaozurura kwenye bustani ya Halmashauri. Wakafuata waosha magari, ambao mto haukuwataka tena, yaani Mratibu hakuwataka. Halafu mtu aliyeomba kuweka mashine ya kusaga karibu na zahanati. Nimeelewa, nimeelewa, hapo sijaelewa, sasa nimeelewa. Asubuhi ya Lugunja ndivyo inavyokwenda na mji mzima unakwenda nayo. Mratibu anaamua, mimi naelewa, jambo linafanyika. Madiwani wapo, wana ukumbi wao na majoho yao, lakini hukutana kwa msimu tu, wakapokea taarifa, wakapiga makofi, wakala.

Waliotunga sheria waliogopa kuiachia mashine mji bila mtu. Wakasema lazima awepo binadamu mmoja wa kusikiliza kila uamuzi kabla haujaanza kazi, na binadamu huyo asiwe amevuka darasa la saba, maana jambo ambalo mtu wa darasa la saba halielewi si halali kumfanyia mtu wa darasa la saba. Shauri ambalo halijaeleweka halifungwi. Ndivyo sheria ilivyosema, wala haikusema halijaeleweka na nani. Mimi naona walifikiri vizuri. Siku naajiriwa nilipongezwa kwa kuishia nilipoishia, na mama yangu alishindwa kujua acheke au aone aibu. Nilipotaka kuanza masomo ya jioni, Mkurugenzi aliniita akaniambia kwa upole kwamba nikipata cheti nitakosa kiti. Nikaacha.

Kazi yangu ni maneno mawili tu, nimeelewa na sijaelewa. Nikisema sijaelewa, Mratibu anaeleza tena. Akieleza na kueleza na bado, shauri linamtoka mikononi, linakwenda kwa madiwani ili walijadili wenyewe kwa midomo yao. Hilo halijawahi kutokea tangu nikalie kile kiti. Mratibu anajua kueleza. Nimegundua mtu unaweza kuelewa vizuri kabisa kitu usichokitaka.

"Shauri linalofuata," akasema. "Mkazi mmoja wa kike, mtu mzima, wa Mtaa wa Matofalini. Mkazi huyu analeta malalamiko kila siku, na kwa siku moja analeta mengi. Choo chake kimefurika. Mjukuu wake anakohoa. Kuku wake wameibiwa, wakati hana kuku. Wakazi wengine wa mtaa huo hawaleti malalamiko yoyote, kwa hiyo mtaa ni shwari na mkazi huyu ni mlalamishi wa mazoea. Sauti yake itapumzishwa kwa mwaka mmoja. Akipiga simu atasalimiwa na kushukuriwa, lakini atakachosema hakitaingia kwenye mipango ya mji. Malalamiko yake ya sasa yatafutwa, likiwemo la mtaro."

Mratibu hataji majina. Hapakuwa na haja. Wale kuku walikuwa wa baba mwenye nyumba wangu, na aliyewasemea nilikuwa namwamkia kila jioni.

"Umeelewa?"

Kiti kilikuwa kinaanza kupata joto kabla sijafungua mdomo.

"Naomba liwe kiporo," nikasema.

Kiporo ni haki ya Msikilizaji, ndicho cheo changu. Shauri linalala, kesho asubuhi linapashwa. Mratibu akasema sawa, tukaendelea na leseni za wauza samaki.

*

Matofalini ni bondeni. Watu wamefyatua tofali pale mpaka ardhi yenyewe imebonyea, na nyumba zote nzuri za mjini zimejengwa kwa udongo uliokuwa chini ya miguu yetu. Mvua ikinyesha maji yanashuka yote kwetu kupitia mtaro mmoja, na mtaro huo umekuwa ukila ukingo wake kidogo kidogo hadi umefika kwenye ukuta wa Mzee Ndimila, mchoma tofali. Jikoni kwake ukichungulia kwenye ufa unamwona jirani akianika nguo.

Bi Zuwena ana nyumba juu kidogo ya hapo. Zamani alikuwa mtangazaji wa stendi, enzi mabasi yakiitwa kwa kipaza sauti, na maneno yake bado yanatoka moja moja, yamenyooka, kama mtu anayepanga sahani. Kwa ajili hiyo Mratibu anamsikia. Sisi wengine yeye hatusikii vizuri. Watu wa Matofalini wamekuja kutoka vijijini kufyatua, Kiswahili chao kimechanganyika na lugha za makwao, wengine hawana meno, wengine wana haya. Wakipiga simu, Mratibu anawaambia samahani, sijakupata, naomba urudie. Mtu anarudia akiwa na tope mpaka magotini. Samahani, sijakupata. Mwisho anaona anadharauliwa na simu yake mwenyewe, anaizima.

Basi wakaanza kumpelekea Bi Zuwena. Jioni wanakaa kibarazani kwake, kila mmoja na lake, naye anayasema moja moja kama yake. Lazima yawe kama yake. Kumsemea mwenzio kwa Mratibu ni kosa, linaitwa sauti ya kuazima, na wakigundua wanamfuta aliyesema na aliyesemewa pamoja, wasisikilizwe tena. Kwa hiyo kule kwa Mratibu Bi Zuwena ana vyoo vingi, wajukuu wengi wanaokohoa, na amefiwa na waume hata hawahesabiki.

Jioni ile nilimkuta amekaa mkekani, miguu kainyoosha, anajikanda goti.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, ila usilete lako leo, nimejaa."

Fundi mmoja wa tanuru alikuwa amechuchumaa mbele yake, anazungushazungusha maneno. Ikamchukua muda kusema kwamba anataka kuingizwa kwenye zamu ya upasuaji wa bure hospitali, kwa sababu ana busha.

Bi Zuwena akamtazama. "Na mimi niseme nina busha?"

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mzee Ndimila alicheka mpaka akashika nguzo. Fundi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kama aliweza kuwa na kuku asiokuwa nao, hata hili anaweza.

"Kuku ni kuku," Bi Zuwena akasema. "Mashine nayo ina mahali inapofika inakataa. Nitasema la mume wangu. Atakuwa wa ngapi huyu, Ndimila?"

"Huyu yuko hai," Mzee Ndimila akasema, "kwa hiyo ni wa kwanza."

Nilicheka nao, lakini kicheko changu kilikuwa kinaniuma. Nilikula kiapo kwamba linalosomwa kitini halitoki nje kabla halijaamuliwa. Walipoanza kuondoka nikauliza kwa mbali kwamba hivi haiwezekani watu wakajaribu tena kusema wenyewe, labda siku hizi Mratibu amezoea.

Mzee Ndimila akasema yeye yuko tayari hata sasa. Akatoa simu yake, akaishika mbali na uso kama anavyoshika kuni ya moto, akasema mtaro umefika ukutani kwangu na mvua inakuja. Alisema vizuri. Mimi nilielewa, na hata mtoto angeelewa. Simu ikasema samahani, sijakupata. Akasema tena kwa nguvu. Samahani. Akasema mara nyingine, polepole, mishipa ya shingo imesimama, na mle ndani ya sauti yake mkawa na kitu nisichopenda kukisikia kwa mtu wa umri wake. Simu ikaomba arudie. Akaizima, akaifuta kwa shati, akairudisha mfukoni, akacheka, ila kicheko kilichelewa kidogo.

Tulipobaki wawili nikamwuliza Bi Zuwena, siku yeye akipumzika itakuwaje.

"Nikifa?"

"Ukipumzika tu."

Aliendelea kulikanda goti lake. Akaniambia kwamba amechoka, kwamba watu wanadhani kusema si kazi, lakini akimaliza kusema shida za watu usiku hapati usingizi, anajiona kweli ana mjukuu anakohoa chumba cha pili, anaamka kumsikiliza. Akasema angempata wa kumpokea, kesho yake tu angeanza kulala hata mchana.

"Lakini huyu nimwachie nani?" Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya Mzee Ndimila. "Ule mtaro nimeusema tangu kiangazi. Safari hii karibu wanaupanga, wamenijibu wenyewe. Nikinyamaza sasa, wataanza na mimi kama hawajawahi kunisikia."

Nikamwambia alale salama.

*

Asubuhi Mkurugenzi aliteremka mwenyewe mpaka chumba cha kiti. Bwana Lutonja si mtu mbaya. Alikuwa amevimba shavu, ameshikilia kitambaa, jino linamsumbua tangu wiki iliyopita na hajapata nafasi ya kwenda kuling'oa. Akavuta stuli, akakaa karibu na mlango.

"Nasikia una kiporo, mdogo wangu."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Kigumu?"

"Si kigumu."

Akasubiri. Nami nikasubiri. Mimi naweza kunyamaza muda mrefu, ndiyo kazi iliyonileta mjini. Yeye akashindwa kwa sababu ya jino. Akaniambia wakubwa wa mkoa wanakuja kututazama, kwamba Lugunja ni mji ambao madiwani wake hawajawahi kurudishiwa shauri hata moja, na kwamba wanataka kuupeleka utaratibu wetu kwenye miji mingine. Alisema hivyo bila furaha, kama mtu anayesoma bango la barabarani.

"Yule mama anapiga simu kupita kiasi," akasema. "Na wenzake mbona wametulia? Mtaa mzima kimya, yeye peke yake ndiye mwenye shida zote za dunia? Au unajua kitu?"

Pale nikakaribia kusema. Lilikuwa mlangoni mwa meno. Ningesema kwamba hawajatulia, Mkurugenzi, yule mama ndiye mdomo wao. Ingekuwa kweli tupu, na angenisikiliza, halafu angefanya anachotakiwa kufanya. Angewafuta Bi Zuwena na Mzee Ndimila na yule fundi wa tanuru na baba mwenye nyumba wangu, wote kwa utaratibu, na angesikitika akifanya hivyo.

"Sijui kitu," nikasema.

"Basi elewa tu." Akasimama, akafumba macho kidogo kwa maumivu. "Ukishaelewa wewe, na mimi naenda kwa daktari."

*

Nilipoweka viganja kitini nilikuwa nimeshawaza usiku kucha, kwa hiyo sikuwa na jipya la kuwaza.

Lile neno langu ndilo komeo pekee lililobaki kwenye mlango wa mji. Lina nguvu kwa sababu ni la kweli. Nikilisema leo kwa uongo, kesho Msikilizaji akisema hajaelewa kitu, watamwuliza: huelewi kweli au unalinda watu wako? Na watakuwa na haki ya kuuliza. Halafu kulikuwa na akina mama lishe wa stendi. Mratibu aliamua waondoke ili mabasi yageuke vizuri, nami nilielewa, nikasema nimeelewa, kiti kikapata joto. Sikudanganya kwa ajili yao. Nikidanganya leo kwa ajili ya Matofalini, nitakuwa nimefanya hivyo kwa sababu Matofalini ndiko ninakolala.

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya Mzee Ndimila ikirudia kwenye simu.

Mratibu akalisoma shauri upya, neno kwa neno.

"Umeelewa?"

"Sijaelewa."

Akalifupisha. "Mtu mmoja anasema sana. Tutaacha kumsikiliza kwa mwaka mmoja. Tutayafuta aliyokwisha kuyasema."

"Sijaelewa."

Kiti kilikuwa cha moto. Akaeleza tena, safari hii kama kwa mtoto. "Ni kama mtoto anayelia kutwa nzima. Mwisho wake mama hageuki tena."

Viganja vyangu vikatoa jasho. Kiti kile hakijawahi kupata joto namna ile, na sababu naijua. Sijawahi kuelewa kitu vizuri kiasi kile.

"Sijaelewa."

Nje mtu alikuwa anafagia, nikasikia ufagio unakuja na kurudi.

"Kalunde," Mratibu akasema.

Hakuwa amewahi kuniita jina.

"Kalunde, unasema hujaelewa. Kiti kinasema umeelewa. Niandike lipi?"

"Sheria inasema uandike la nani?"

"La mtu. Na inasema mtu akionekana amedanganya, anaondoka kitini."

"Basi andika la mtu."

"Nitaandika yote mawili."

"Yaandike," nikasema, nikainua mikono.

Kiti kikaanza kupoa polepole. Nilibaki nimekitazama mpaka kikapoa kabisa.

*

Bwana Lutonja alirudi kutoka kwa daktari na pamba mdomoni, hakuweza kunifokea. Alinyoosha tu mkono kuelekea mlangoni, halafu akaona haya, akanisindikiza mwenyewe mpaka getini. Akanipa mkono. Kwa jinsi alivyotikisa kichwa nilidhani anataka kuniuliza kitu, lakini pamba ilikuwa imejaa damu.

Madiwani walipokutana nilikwenda kukaa kwenye mabenchi ya wananchi. Nilikuwa peke yangu, mimi na bwana mmoja aliyekuja kupumzika kivulini. Walianza kwa sala, wakapokea taarifa ya masoko, wakapokea ya barabara, wakapiga makofi. Shauri la Bi Zuwena lililetwa baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti akalisoma, akaligeuza, akauliza kama kuna anayejua linahusu nini. Wakaulizana. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho walipotakiwa kuamua jambo, wala inafanywaje. Diwani mmoja akapendekeza waombe ufafanuzi kwa Mratibu, mwingine akasema sheria inakataza, Mratibu ameshatolewa kwenye hilo. Wakatazamana. Diwani wa kata yetu alikuwa amesinzia, joho limemfunika mpaka kidevuni.

"Naomba liahirishwe," mmoja akasema, na sauti zikamwunga mkono kwa furaha kama watu waliotajiwa mwisho wa foleni.

Shauri likiahirishwa, kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Sauti ya Bi Zuwena itaendelea kusikika mpaka siku watakapolijadili, na kwa nilivyowaona, siku hiyo iko mbali. Nilipoteza kazi ili jambo lifike kwa binadamu, na binadamu wakaliokoa kwa uvivu. Sikujua nicheke na nani.

Getini palikuwa na Mama Kulwa, mmoja wa wale wa stendi. Siku hizi anauza uji kwenye ndoo, miguu iko tayari kukimbia mgambo akitokea. Aliniita.

"Kalunde, nasikia umekataa kuelewa."

"Ndiyo, dada."

"Lile la yule bibi wa kwenu."

"Ndiyo."

Akakoroga uji. "Na letu sisi?"

Ningeweza kumweleza kuhusu mabasi, na jinsi Mratibu alivyolieleza vizuri, na sheria. Yote ningeyapanga.

"Lenu nilielewa," nikasema.

"Enhee."

Akachota, akanimiminia kikombe kimejaa, akanipa. Nilipotaka kutoa kitu mfukoni akasukuma mkono wangu. "Kunywa. Nilitaka tu kujua." Hakunitazama tena mpaka namaliza, akapokea kikombe, akakisuuza, akamgeukia mteja mwingine.

*

Mvua ilianza jioni moja nikiwa njiani kwenda masomo ya jioni. Sasa hakuna aliyenizuia kusoma, nami nilikuwa na daftari jipya ndani ya mfuko wa nailoni. Ilianza kwa matone makubwa yanayorukaruka kwenye vumbi. Nikasikia watu wanaita kutoka bondeni, nikageuka.

Walikuwa wanajaza mchanga kwenye magunia na kuyapanga nyuma ya ukuta wa Mzee Ndimila. Yeye mwenyewe alikuwa anatoa masufuria jikoni moja moja, bila haraka, kama mtu anayehamisha vyombo vya msiba wa mwenzake. Kibarazani kwa Bi Zuwena walisimama wachache. Bi Zuwena alikuwa amejifunga kanga shingoni. Alifungua mdomo kunijibu shikamoo, ukatoka upepo tu. Sauti ilikuwa imemkauka tangu asubuhi. Alikuwa amejaribu kumpigia Mratibu, akaambiwa samahani, sijakupata.

Akanionyesha simu yangu. Halafu akanionyesha mimi.

"Wewe kila siku ulikuwa naye," yule fundi wa tanuru akasema. "Lazima atakusikia tu."

Nilitaka kusema nimechoka. Nilitaka kusema nina kipindi cha hesabu. Bi Zuwena alinitazama, na hakuwa ananibembeleza, alikuwa ananitazama kama mtu mwenye mzigo kichwani anavyomtazama anayekuja kumtua.

Nikapiga.

"Habari za jioni, Kalunde," Mratibu akasema. "Nakusikiliza."

Kwa muda wote ule mimi ndiye niliyekuwa namsikiliza. Sasa ilikuwa zamu yangu kusema.

"Mtaro wa Matofalini umefika kwenye ukuta wa nyumba. Mvua imeanza. Ukuta utaanguka."

"Ni nyumba yako?"

Bi Zuwena akaitikia kwa kichwa haraka haraka. Ndiyo. Sema ndiyo. Ndivyo alivyofanya yeye maisha yake yote ya kusemea watu, na ndivyo kilivyojengwa kibaraza chake, juu ya kuku wasiokuwepo na waume waliozikwa kwa simu. Lakini mimi nilikuwa nimeshadanganya mbele ya sauti hii na nilijua inavyokuwa mikononi.

"Si nyumba yangu peke yangu."

"Shauri hili ni lako, au ni la mtu mwingine?"

Nyuma yangu watu walikuwa wamesogea karibu. Nikijibu la kwanza nimedanganya, nikijibu la pili nimewachoma wote. Nikawatazama. Mzee Ndimila alikuwa amesimama kwenye matope, sufuria mkononi, mvua inamlowesha kofia.

"Ni letu," nikasema.

Mratibu alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Mvua ikapiga bati.

"Sijaelewa," akasema.

Bi Zuwena akashika kinywa. Mimi nikahisi mabega yangu yanashuka. Shauri ambalo halijaeleweka halifungwi. Hawezi kulifuta, hawezi kumfuta mtu, mpaka aelewe. Na akielewa, basi atakuwa ameelewa hilo letu.

Nikauweka mfuko wenye daftari kando ya ukuta wa kibaraza, mahali pasipofika maji. Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Haina shida," nikamwambia. "Nitakueleza tena."